Ukubwa wa Tairi na Utulivu wa Pikipiki: Elimu kwa Waendesha Bodaboda, Wamiliki na Mafundi

Pikipiki nyingi za bodaboda zinazofanya kazi Afrika Mashariki ni za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, na kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na matairi membamba: mara nyingi 2.75-17 au 2.75-18 mbele, na 3.00-17 au 3.00-18 nyuma. Tairi la kwanza linapoisha na kuwa kipara, mmiliki huenda dukani akaambiwa kwamba tairi pana zaidi hushika barabara vizuri zaidi, hubeba mzigo mkubwa zaidi na huipendezesha pikipiki. Dai la mwisho ni hiari ya mtu, lakini mawili ya kwanza ni kweli kwa sehemu tu, na kwa kuwa maisha ya dereva na abiria wake yanategemea sehemu ile isiyosemwa dukani, kijitabu hiki kinaieleza.

Namba za ubavuni

Vipimo vya tairi huandikwa ubavuni kwa mitindo miwili. Katika mtindo wa inchi, 3.00-17 ni tairi lenye upana wa inchi 3, yaani milimita 76 hivi, linalovishwa kwenye ringi yenye kipenyo cha inchi 17, na kimo cha ubavu wake hukaribiana na upana huo. Katika mtindo wa milimita, 90/90-17 49P maana yake ni upana wa milimita 90, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81, na ringi ya inchi 17. Namba 49 ni alama ya uwezo wa mzigo, nayo si kilo 49 kama wengine wanavyodhani, bali husimama badala ya kilo 185. Herufi P huonyesha mwendo wa juu kabisa ambao tairi limeundwa kuuhimili, kilomita 150 kwa saa.

Ringi nayo ina upana wake, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Ringi ya nyuma ya pikipiki ndogo huwa na upana wa inchi 1.60 au 1.85 hivi, ilhali tairi la 110/90-17 limekusudiwa ringi pana zaidi, ya inchi 2.50. Likilazimishwa kwenye ringi nyembamba, mbavu zake hubanwa kwa ndani na mgongo wake huchongoka, hivyo katika barabara iliyonyooka hugusa lami kwa ukanda mwembamba wa katikati, ambao huisha mapema, na mbavu zilizobanwa huyumba pikipiki inapolala kwenye kona. Mnunuzi amelipia upana, lakini sehemu kubwa ya upana huo haifiki barabarani. Kinyume chake, tairi jembamba kwenye ringi pana hutanuka na kuwa bapa, na kingo zake zinaweza kuchomoka kwenye ringi upepo unapopungua.

Pikipiki inavyojiongoza yenyewe

Pikipiki hukata kona kwa kulala upande, na tairi linavyozidi kuwa pana ndivyo mahali linapogusa ardhi panavyohama zaidi kuelekea ndani ya kona, kiasi kwamba dereva hulazimika kuilaza pikipiki zaidi ili apite kona ileile kwa mwendo uleule. Tofauti kati ya tairi la inchi 3 na la milimita 110 ni kama digrii 1 kwenye kona ya wastani. Ni kidogo, lakini hujumlishwa na uzito wa tairi lenyewe: gurudumu zito linapozunguka hupinga kulazwa, na dereva aliyezoea pikipiki nyepesi huiona imekuwa nzito kuitikia pale anapotaka kukwepa shimo.

Jambo zito zaidi liko mbele. Mhimili wa usukani umeinama kuelekea nyuma, na mstari wake ukirefushwa hadi chini hufika ardhini mbele kidogo ya mahali tairi la mbele linapogusa. Umbali kati ya nukta hizo mbili unaweza kuitwa umbali wa mfuato, kwa sababu ndio unaolifanya gurudumu lifuate mwelekeo wa safari na kurudi katikati lenyewe, kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali linavyojigeuza na kufuata kitanda kinakosukumwa. Umbali huo ukiwa wa kutosha, usukani hutulia. Ukipungua, usukani huwa mwepesi na huanza kutikisika kwa jambo dogo.

Sasa tairi la nyuma la 3.00-17 likibadilishwa kwa 110/90-17, ekseli ya nyuma hupanda kwa takriban milimita 20. Katika pikipiki ambayo ekseli zake zimeachana kwa milimita 1,280 hivi, pikipiki nzima huinamia mbele kwa karibu digrii 1, na umbali wa mfuato hupungua kwa milimita 6 hivi. Badiliko lililofanywa nyuma limegusa usukani, jambo ambalo mwendeshaji haoni kwa macho bali hulihisi mikononi anapoteremka mlima kwa kasi akiwa na abiria. Kipenyo cha gurudumu nacho kimeongezeka kwa karibu asilimia 7, hivyo injini huvuta kwa shida zaidi kwenye mlima, na breki ileile, ikikanyagwa kwa nguvu zilezile, huzuia gurudumu hilo kwa nguvu pungufu.

Matope na mchanga

Wakati wa masika, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, tairi jembamba lenye kashata ndefu, yaani vijitofali vya mpira vilivyoinuka juu ya mgongo wa tairi, huchoma tope laini na kufikia ardhi ngumu iliyo chini, ilhali tairi pana huelea juu na kuteleza. Zaidi ya hayo, tairi pana hupunguza nafasi iliyo chini ya madigadi; tope hujaa humo, hukaza, na gurudumu la mbele linaweza kujifunga ghafla. Kwenye mchanga laini wa pwani upana husaidia kweli kutozama, na huo ndio ukweli uliomo katika dai la dukani.

Mzigo

Kuhusu mzigo, hesabu ya kukadiria inatosha. Pikipiki ya kilo 120 huweka kilo 65 hivi nyuma. Dereva wa kilo 70 huongeza hapo kilo 45. Na abiria wa kilo 70, kwa kuwa hukaa karibu juu ya ekseli, huongeza karibu uzito wake wote. Jumla ni kilo 180, ilhali tairi la 3.00-17 lenye alama ya 50 lina uwezo wa kilo 190. Abiria mmoja, ambaye ndiye anayeruhusiwa na sheria za Kenya na Tanzania, amekwisha kutumia karibu uwezo wote, na wa pili, kwa mtindo wa mshikaki, huupita mbali. Tairi kubwa lenye alama ya juu zaidi haliimarishi ringi, spoki, shokapu wala breki, ambazo zote zimebaki za kiwandani.

Kipimo kinachostahili kuaminiwa ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko cha fremu. Anayelazimika kuongeza upana kwa sababu ya barabara zake aongeze hatua moja tu, kwa mfano kutoka 2.75 hadi 3.00, ndani ya mipaka ya ringi iliyopo, na tyubu iwe ya kipimo cha tairi jipya. Kabla ya kulipa, fundi azungushe gurudumu huku mtu mzima akiwa amekalia siti ya nyuma, ili ionekane kama tairi linagusa mnyororo au madigadi pale shokapu zinapobonyea. Upepo ujazwe tairi likiwa la baridi, kwa kiwango cha kitabu, na upimwe kwa geji badala ya kubonyeza kwa kidole gumba, kwani kidole hakitofautishi tairi lililopungukiwa na lililo sawa. Kilomita mia moja hivi za kwanza ziendeshwe taratibu, hasa kwenye kona na wakati wa mvua, kwa kuwa mpira mpya huwa na utelezi juu yake hadi usuguliwe na barabara.