Somo la Mwezi: Mafuta ya Kikaango Chetu



Katika Sikukuu ya Mavuno iliyopita waumini walileta mbele ya madhabahu mtama, karanga, kuku wawili waliofungwa miguu, na magunia matatu ya alizeti. Baada ya ibada tulikunywa chai kwa maandazi. Basi, tulipokuwa tukikusanya vikombe, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitujia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Maandazi haya yamekaangwa kwa mafuta gani?"

Tulijibu upesi kwamba ni mafuta mazuri tu, ya ndoo. Mama yule hakuongeza neno. Lakini tulijua alichouliza, maana yeye ni mmoja wa akina mama saba wenye mashine ya kukamua alizeti hapa mtaani kwetu, na fedha za mafuta ya sikukuu tulikuwa tumekabidhiwa sisi. Tulinunua ndoo ya lita 20 dukani kwa sababu bei ilikuwa nafuu na duka li karibu na kituo cha basi. Yalikuwa mafuta ya mawese kutoka Asia. Hivyo siku ile ile tuliyomshukuru Mungu kwa alizeti, tulikaanga kwa mafuta ya mashamba ya wengine, na mashine ya wenzetu ikakaa kimya kwa kukosa wateja.

Tumeonelea vema somo la mwezi huu liwe juu ya jambo hili. Wenye Biblia na wafungue Mithali 31, kisha 1 Wafalme 5.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako wanaofundisha kwamba kununua kitu cha ng'ambo ni kumsaliti ndugu yako. Maandiko hayasemi hivyo. Yule mke mwema wa Mithali, katika mstari wa 14, husifiwa kwa kuitafutia nyumba yake chakula hata mbali. Naye Sulemani alipohitaji mierezi ya hekalu hakujidai kuiotesha Yerusalemu. Aliagiza kwa Hiramu, mfalme wa Tiro. Lakini angalieni alimlipa nini. Alimpa ngano, na mafuta yaliyokwisha kukamuliwa (5:11). Hakumpelekea zeituni kwa magunia ili watu wa Tiro wazikamue, kisha wamwuzie yeye mafuta yake. Kazi ya kukamua ilibaki nyumbani, na ujira wake pia.

Tena msiishie hapo. Someni sura ya 9, mstari wa 10 mpaka wa 13. Baada ya miaka ishirini ya ujenzi, Sulemani alimpa Hiramu miji ishirini ya Galilaya, na Hiramu alipokwenda kuitazama haikumpendeza. Tulipokuwa chuoni tulizoea kuwauliza wanachuo wetu: mtu aliyeanza kulipa kwa mafuta alifikaje kulipa kwa miji? Wachache walijibu vizuri. Mmoja alisema, "Mwalimu, orodha yake ya kununua ilikuwa ndefu kuliko shamba lake." Tulimpa alama zote.

Sasa turudi kwetu. Wazee wa Ugogo wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, habari za karanga za Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa ili walime karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na kwao mafuta ya kupikia yalikuwa haba. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, mvua nazo zikawa chache, na mwaka 1951 mpango ule ukafutwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 35. Hatuwataji ili tuwacheke. Tunawataja kwa sababu miaka ile watu wa mbali walikuja kutafuta mafuta yao katika ardhi hii. Leo katika ardhi hii hii, Dodoma na Singida, alizeti inastawi, nasi tunatafuta mafuta yetu katika ardhi ya mbali.

Na huo mchikichi wenyewe ni mti wa Afrika! Asili yake ni Afrika Magharibi, na ndugu zetu wa Kigoma wanakamua mawese tangu zamani. Mwaka 1848 miche minne tu ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java. Uzao wa miche hiyo ndio ulioenea katika mashamba ya Indonesia na Malaysia, nchi ambazo leo hutoa sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya mawese duniani. Tusianze kulalamika kwamba tumeibiwa. Wenzetu walipanda, wakatunza, wakachagua mbegu, wakajenga viwanda.

Hatari yake tuliiona mwaka 2022. Mwishoni mwa Aprili serikali ya Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasiuzwe nje, ili watu wake wapate kwanza. Zuio lile lilidumu wiki tatu hivi, nayo vita ya Ukraine ilikuwa imekwisha kupunguza mafuta ya alizeti katika soko la dunia. Bei hapa kwetu zilipanda hata wakaanga chipsi wakapunguza vipande katika sahani. Serikali ile haikukosea kuwatazama watu wake. Lakini tulijifunza kwamba mtu asiyetujua aweza kuzima jiko letu.

Wenzetu wa umri wetu watasema, "Basi turudi kama zamani, tulipopenda vya kwetu." Ndugu, tusidanganyane. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na sisi tulikuwa walimu vijana. Tulipanga foleni tangu alfajiri na chupa mkononi, na mara nyingi tulirudi nayo tupu. Tulitumia vya kwetu kwa kukosa vingine, na vingi vilikuwa vibaya: sabuni isiyotoa povu, kiberiti kinachovunjika kabla hakijawaka. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, tulivikimbia vya kwetu siku hiyo hiyo. Wala hatukuona aibu.

Kwa hiyo swali lina pande mbili, upande wa mnunuzi na upande wa mtengenezaji.

Upande wa mnunuzi, tukumbuke kwamba si wote wanunuao ndoo. Yuko mama aliye na shilingi mia chache tu kwa mboga ya leo. Yeye hununua mafuta kwa kipimo kidogo, na kipimo hicho hukipata dukani, ambako mafuta ni ya ng'ambo. Mwaka 2018 serikali yetu ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya mawese kutoka nje hadi asilimia 25, na ya yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kumlinda mkulima wa alizeti. Ni jambo jema, lakini ushuru nao humfikia yule mama wa kipimo. Hatuna moyo wa kumwambia alipe zaidi kwa ajili ya uzalendo. Wa kuambiwa ni sisi wenye pensheni, wenye harusi, wenye vikao na sherehe, tununuao kwa ndoo. Mwenye uwezo wa kuchagua ndiye mwenye hesabu ya kutoa.

Tufanye hesabu kidogo, kama ilivyo desturi yetu. Gunia la alizeti la kilo 65 hivi, mbegu ikiwa nzuri, hutoa kama lita 15 hadi 18 za mafuta kwa mashine ndogo. Juu ya hayo hubaki mashudu, zaidi ya nusu ya uzito wa gunia, chakula kizuri cha ng'ombe na kuku. Mkulima auzaye gunia zima wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ameuza mafuta, mashudu na kazi ya kukamua kwa pamoja. Ikifika Desemba hurudi dukani kununua mafuta kwa bei ya juu. Wala kukamua hakuhitaji kiwanda kikubwa. Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa huko Arusha mashine ya kukamua kwa mkono, isiyohitaji hata umeme, ikaenea mpaka nchi jirani.

Upande wa mtengenezaji, hatutawaficha. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kando ya barabara kuu dumu la "alizeti safi". Asubuhi ya baridi nusu ya dumu iliganda kama samli. Lilikuwa limechanganywa na mawese. Tangu siku ile tulikuwa tukipita wauzaji wote wa barabarani bila kusimama, wema na wabaya pamoja, na kwa kweli hiyo ndiyo sababu nyingine ya ile ndoo ya sikukuu. Someni Kumbukumbu la Torati 25:13-16 juu ya vipimo viwili mfukoni. Tunaongeza neno la kufaa: alizeti isiyosafishwa nayo yaweza kuwa na ukungu kidogo wakati wa baridi kwa sababu ya nta ya maganda, hivyo ukungu peke yake si ushahidi wa hila. Dawa ni kumjua mkamuaji. Tena mafuta yasiwekwe juani katika chupa nyeupe, wala katika chupa yenye maji ndani, maana huharibika upesi na kutoa harufu, kisha tutasema vya kwetu havifai.

Hayo yote tuliwaeleza wale akina mama saba, baada ya kuwaomba radhi. Walisikiliza. Kisha walituuliza kwa nini hatukuja kuyasema kabla ya sikukuu, na hatukuwa na jibu. Tumekubaliana kwamba mafuta ya sikukuu ijayo yatatoka kwao. Nao watapima mbele ya mnunuzi, wataandika tarehe ya kukamua juu ya kila chupa, na watauza pia kwa kipimo kidogo, ili yule mama wa mboga ya leo asikose. Mashine inafanya kazi Jumatano na Jumamosi.

Tulipofika Jumamosi ya kwanza tulikuta kibao kipya kimewekwa mlangoni, kimeandikwa kwa chaki na mtoto wa mmoja wao: MAFUTA YA ARIZETI. Mkono ulituwasha, tukaomba chaki. Mama yule yule akacheka, akasema, "Mwalimu, nunua kwanza, ndipo usahihishe." Tulinunua lita tatu.