Kuumwa na Nyuki: Tambua Mzio Mkali Mapema

Mkulima akiumwa na nyuki shambani, uvimbe mahali alipoumwa si wa kutisha. Hatari huja mwili mzima ukianza kulalamika ndani ya dakika chache: vipele vya kuwasha, midomo na ulimi kufura, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu. Huo ni mzio mkali. Karanga, samaki au sindano ya penisilini pia huweza kuuleta.

Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, na hudungwa tena baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Piritoni, ambayo wengi huikimbilia dukani, hupunguza mwasho tu, haifungui koo.

Mlaze chali, miguu juu; anayehema kwa shida aketi. Asitembezwe. Piga 999 au 112, au mpeleke kituo cha afya cha karibu, usikipite ukikimbilia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Asirudishwe kwa kukosa pesa: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Akipata nafuu abaki hapo kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.