SOMO LA AFYA: KUPANDIKIZA MFUPA WA TAYA



Mtu wa Numbi au Nyabibwe akikosa usingizi siku tatu kwa sababu ya jino, anashuka Bukavu na neno moja tu: «Munganga, ling'oe.» Jino linatoka, maumivu yanakwisha, anarudi kazini. Baada ya mwaka mmoja au miwili anataka jino jingine la kutafunia. Hapo anaambiwa: «Mfupa wako umepungua. Kwanza tupandikize mfupa.» Anashangaa: je, mfupa unapandwa kama muhogo?

Leo tutajifunza jambo hilo, ili kila mmoja aelewe anachoambiwa kabla ya kukubali au kukataa.

1. Kwa nini mfupa unapungua?

Jino halishikwi na fizi peke yake. Mzizi wake umezama ndani ya mfupa wa taya, nao umefungwa hapo kwa nyuzi nyembamba sana. Kila unapotafuna, mzizi unausukuma mfupa kidogo. Ni kama kuuambia: «Kazi ipo, kaa imara.»

Mfupa ni kitu chenye uhai. Kila siku mwili unabomoa sehemu ya zamani na kujenga mpya. Jino likiondoka, mfupa uliokuwa ukilishika hauna kazi tena, na mwili hautunzi kisichofanya kazi. Waganga wamepima: gego likisha kung'olewa, mfupa wa mahali pale unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12. Sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokea katika miezi 3 ya kwanza.

Ugonjwa wa fizi pia unaula mfupa, hata jino likiwa bado mahali pake. Uchafu ukikaa kwenye shina la jino unakuwa mgumu kama jiwe, fizi inavimba na kutoa damu, na mfupa unashuka polepole bila maumivu makubwa. Siku jino linapoanza kulegea, mfupa mwingi umekwisha kwenda. Sababu nyingine ni ajali: jiwe la shimoni, pikipiki, kuanguka.

2. Kupandikiza ni kufanya nini?

Fikiria nyumba ya miti na udongo. Kwanza unasimamisha fito, kisha unakandika udongo. Munganga anafanya kazi ya fito tu. Anaweka chembe za mfupa, au kipande kizima, mahali palipobomoka. Mwili wenyewe ndio unaokandika: damu inaingia kati ya chembe zile, inaleta wajenzi wake, na mfupa mpya unaota. Aina nyingi za fito hizo huliwa polepole na mwili, na mfupa wa mgonjwa mwenyewe unashika nafasi yake.

Fito hizo zinatoka wapi? Kuna njia nne:
– mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliochukuliwa kidevuni, nyuma ya taya, au kwenye nyonga kama kunahitajika mwingi;
– mfupa wa mtu aliyefariki, uliotolewa kwa ruhusa na kusafishwa;
– mfupa wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, uliotengenezwa hata yakabaki madini yake tu;
– unga uliotengenezwa na watu kwa madini yanayofanana na ya mfupa.

Juu yake munganga anaweza kufunika kitambaa chembamba ili fizi isiingie ndani kabla ya mfupa kuota. Vitambaa vingine vimetoka kwa nguruwe. Kama dini yako inakukataza, uliza mapema. Vipo vya namna nyingine.

Kazi yenyewe, ikiwa ndogo, inafanywa kwa sindano ya ganzi. Mgonjwa yuko macho, ila hasikii maumivu. Fizi inafunguliwa, mfupa unawekwa, fizi inashonwa. Kisha ni kungoja: mara nyingi kati ya miezi 3 na 9, kwa ukubwa wa kazi. Anayetaka jino wiki ijayo hatalipata kwa njia hii.

3. Ujuzi huu ulitoka wapi?

Karibu mwaka 1880, mpasuaji William Macewen wa mji wa Glasgow, Uingereza, alijenga upya mfupa wa mkono wa mtoto kwa vipande vya mifupa ya watu wengine. Mwaka 1952 munganga wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliona kwamba mfupa wa sungura umeshikamana kabisa na chuma kinachoitwa titani. Mwaka 1965 akamwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, mizizi ya titani katika taya. Larsson aliitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Lakini mzizi wa titani, kama nguzo ya shimoni, hausimami mahali pasipo na kitu cha kuushika. Ndiyo sababu kupandikiza mfupa wa taya kumekuwa kazi ya kila siku katika hospitali nyingi za dunia.

Wachimbaji wa koltani nao wajue hili: tantali inayotoka katika jiwe lao inakubaliwa vizuri na mwili wa mtu, na wapasuaji wameitumia katika mifupa tangu miaka ya 1940.

4. Nini kinaharibu kazi?

Cha kwanza ni tumbaku. Moshi unapunguza damu inayofika kwenye fizi, na bila damu hakuna wajenzi. Cha pili ni ugonjwa wa sukari usiotunzwa. Cha tatu ni uchafu wa kinywa. Cha nne ni haraka: kubeba mzigo mzito kesho yake kunaweza kuleta damu tena. Mwombe munganga barua ya mapumziko, umpelekee mkuu wako wa kazi.

Siku za kwanza kula vitu laini: uji, ndizi za kuponda, sombe iliyopikwa sana. Usisukutue kwa nguvu wala kutema-tema. Dawa uliyopewa uimalize yote, hata kama huna maumivu. Ukiona usaha, homa, au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, rudi hospitali bila kungoja.

5. Kabla ya kung'oa, uliza

– Jino hili linaweza kutibiwa likabaki?
– Likitoka, nitaweka nini mahali pake?
– Je, ni vizuri kujaza shimo siku ile ile, ili mfupa usipungue?
– Gharama yote ni kiasi gani, tangu siku ya kwanza mpaka jino jipya?

Swali la mwisho si aibu. Kazi hii ni ya gharama, na si kila nyumba ya meno inaifanya. Pia si kila mtu anaihitaji: wengi wanatafuna vizuri kwa meno bandia ya kuvaa na kuvua. Usiuze ng'ombe wa nyumbani kabla ya kuuliza kama ipo njia nyingine. Wala usimwendee mng'oaji wa sokoni. Chombo kisichochemshwa vizuri kinaweza kukuachia ugonjwa wa ini au UKIMWI.

6. Ajali na watoto

Jino la mtu mzima, au la mtoto aliyekwisha kubadili meno, likiruka zima kwa ajali, lishike upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuze kidogo bila kulisugua, lirudishe katika shimo lake na uume kitambaa safi. Ukishindwa, litie katika maziwa na ukimbie kwa munganga. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye thamani. Jino la utoto halirudishwi.

Nanyi kina mama: huko Uganda wako watu wanaochimba fizi za watoto wachanga wakisema wanatoa «ebiino», na Tanzania wanayaita «meno ya plastiki». Wanachotoa ni mbegu za meno ya kweli. Mtoto anaweza kufa kwa damu au vidonda, na mbegu za meno ya ukubwani zikaharibika. Mtoto mwenye homa na kuhara ni wa kupelekwa kituo cha afya.

KUMBUKA: Mfupa bora ni ule uliozaliwa nao. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, tumbaku mbali, kofia ngumu kichwani, na fizi inayotoa damu ionyeshwe mapema.

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani:
1. Kwa nini mfupa unapungua jino likitoka?
2. Nani anajenga mfupa mpya: munganga au mwili?
3. Jino likiruka kwa ajali, utalishika wapi na kulitia katika nini?