Somo: Tutajuaje Kilichomo Ndani ya Krimu?

Akina mama na vijana wa vikundi, mara nyingi mnatuuliza: nitajuaje kama krimu ya kung'arisha ngozi ina haidrokwinoni, na kwenye mkebe hawakuandika? Kwa macho hatuwezi, wala kwa kunusa. Na kemikali hii ikipakwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka upesi.

Wataalamu wanayo njia. Si mnajua mwizi anavyochapa ufunguo wa watu kwenye sabuni? Basi, wao hugandisha aina ya plastiki, yaani polima, kuizunguka haidrokwinoni. Halafu huiosha kemikali itoke, na vishimo vya umbo lake vinabaki. Ufundi huu wa kutumia polima ulionyeshwa Ujerumani mwaka 1972. Krimu ikiyeyushwa na kupitishwa hapo, haidrokwinoni hunaswa, mafuta na manukato yanapita. Kilichonaswa ndicho hupimwa.

Lakini kila kemikali na chapa yake. Vishimo hivi havikamati zebaki, ile inayoharibu figo. Kwa hivyo muuzaji akisema krimu yake imepimwa, tumuulize: imepimwa kutafuta nini?

Kazi hii ni ya maabara, si ya kijijini. Mwenye mabaka asitupe mkebe. Aende nao kliniki.