Kichocho na Maji ya Vijito Vyetu

Wasomaji wetu wa Mgogoni na wa vijiji vingine vya Pemba, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maradhi ambayo jina lake mwalijua sana, walakini huenda njia zake hamjazijua zote. Maradhi hayo ni kichocho. Hapana mzazi kisiwani asiyewahi kusikia habari ya mtoto aliyesema, "Mama, nikikojoa naona damu." Na wako wazee waliojibu, "Usiogope, mwanangu, ndio ukubwa huo." Jawabu hilo limewadhuru watoto wengi, nasi twaanza somo letu hapo.

Damu katika mkojo si ukubwa. Ni alama ya kuwa minyoo imekaa katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, dume na jike pamoja, na jike hutaga mayai killa siku. Yai lenyewe halionekani ila kwa darubini, nalo lina ncha kali kama mwiba. Mayai hutoboa kibofu ili yatoke pamoja na mkojo, na damu ile ni ya majeraha yake. Mengine hayapati njia, hubaki ndani ya nyama na kuifanya ngumu. Mtoto huwa mnyonge, damu yake hupungua, na darasani husinzia hata mwalimu akamdhania mvivu. Miaka ikipita bila dawa, njia za mkojo huziba, mafigo huharibika, na wengine hupatwa na saratani ya kibofu.

Maradhi haya ni ya kale. Mayai ya kichocho yameonekana katika maiti za Misri zilizohifadhiwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mjini Kairo mwaka 1851 na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz. Lakini namna unavyomwingia mtu haikujulikana vema mpaka mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha huko huko Misri ya kuwa kati ya mtu na mtu yuko konokono.

Basi sikilizeni safari yake. Mtoto mgonjwa akojoa kijitoni. Yai likifika katika maji baridi lapasuka, na kijidudu chatoka kumtafuta konokono. Kikimpata chaingia, na ndani yake chazaana kwa majuma kadhaa hata vikawa maelfu. Kisha vijidudu hivyo vipya hutoka majini, hasa mchana jua likiwa kali, yaani saa zile zile watoto wanapotoka skuli na chuoni wakakimbilia kuogelea. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala hapana haja ya jeraha wala ya kunywa maji. Baada ya miezi miwili hivi vimekuwa minyoo mizima inayotaga, nayo yaweza kuishi miaka mitatu, minne, au zaidi.

Konokono huyo hakai baharini. Mtoto aogeleaye katika maji ya chumvi hapati kichocho kwa kuogelea huko. Hatari iko katika vijito, maziwa na mabonde ya mpunga, na Pemba yetu imejaa hayo.

Dawa iko, nayo ni njema: huitwa prazikwanteli. Watoto hupimwa kimo kwa ufito wenye alama, wakapewa vidonge kwa kadiri yao. Ni vichungu, na mtu akivimeza na njaa aweza kupata kichefuchefu au kizunguzungu. Kwa hiyo yafaa ale kwanza. Tangu miaka ya 1980 watoto wa skuli za Pemba wamepewa dawa hii, na hali ya sasa si ile ya zamani. Walakini dawa huua minyoo iliyokwisha kukomaa, haifungi mlango. Mtoto aliyemeza vidonge asubuhi akarudi kijitoni adhuhuri ni kama chombo ambacho mabaharia hukumba maji ya ngama na ufa haukutiwa kalafati.

Jambo hili lilijaribiwa hapa petu. Tangu mwaka 2012 hata 2017 watu wa shehia nyingi za Pemba na Unguja walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia konokono pia waliuawa kwa sumu iliyotiwa majini; katika nyingine walimu walifundishwa kuwaeleza watoto, na vikajengwa vyoo vya kukojolea na mahali pa kufulia nguo. Kichocho kilipungua sana, lakini hakikutoweka; kimeshika baadhi ya vijiji, na humo hurudi. Maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000 ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Sasa twataka kusema neno ambalo watu huona haya kulisema. Kwa wanawake, mayai yale huweza kukwama katika njia ya uzazi. Msichana huona maumivu, uchafu au damu isiyo ya mwezi, na baadaye huenda asishike mimba. Mama akiona hayo humshuku binti yake, na majirani hunong'ona. Twawasihi wazazi wasihukumu kabla ya kwenda kwa tabibu. Msichana aliyefua nguo kijitoni tangu utoto aweza kuwa na maradhi haya naye hana kosa lo lote, na aibu ikimzuia kusema, dawa itamkosa. Mama amuulize kwa upole, tena faraghani.

Je, mkulima wa mpunga afanyeje? Hatuwezi kumwambia asiingie bondeni. Watoto wake watakula nini? Aendelee na kazi yake, lakini asikojoe majini, na dawa ya shehia ikija asiikose. Maji ya kuoga yakitekwa bila konokono na kuwekwa siku mbili, vijidudu vyote hufa. Kwa masheha twasema, choo karibu na kijito kina faida kuliko hotuba kumi. Na walimu wawaambie watoto ya kuwa kukojoa majini ni kumtilia mwenzao ugonjwa.

Mwenye kuona damu aende kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Wete, Chake Chake, Mkoani au Micheweni. Mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Wa alfajiri huweza kuonekana safi na mtu akarudi nyumbani na minyoo yake.