SOMO: HEWA YA MAPOROMOKO NA HEWA YA NYUMBA YAKO

Mama, ulishafika Kisangani, kwenye maporomoko ya Boyoma, pale Wagenya wanatega samaki? Hewa ya pale iko na ubaridi. Lakini iko pia na kitu kisichoonekana.

Maji yakianguka juu ya mawe, yanapasuka kuwa matone madogo sana. Yakipasuka, yanaacha katika hewa chembe zenye umeme kidogo. Chembe hizo zinaitwa ayoni hasi. Philipp Lenard, mutu wa elimu wa Ujerumani, alieleza jambo hilo mwaka 1892. Chembe hizo zinashika vumbi la hewani, na vumbi linakwenda kunata ukutani ao chini.

Siku hizi kuna mashini ndogo za kufanya kazi ile nyumbani. Zingine zinatumia maji, mwanga na unga wa titani, ule unaotiwa katika rangi nyeupe ya ukuta. Fujishima na Honda wa Japani walionyesha mwaka 1972 kwamba mwanga ukipiga titani iliyo ndani ya maji, maji yanagawanyika.

Je, mashini ile itaponyesha kikohozi cha mutoto wako? Hapana, mama. Usidanganywe.

1. Vumbi lililonata ukutani liko bado nyumbani. Ukifagia, litaruka tena.
2. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ayoni haziiondoi. Inaua watu wakiwa wamelala.
3. Mashini zingine zinatoa ozoni, na ozoni inaumiza mapafu.

Basi, fanya hivi, bila kulipa kitu:

– Pika inje. Mvua ikinyesha, pika fasi yenye mulango na dirisha wazi, zinazoelekeana, hewa ipite.
– Usiingize mbabula ya moto katika chumba cha kulala, hata kukiwa baridi.
– Usipike kwenye moshi ukiwa na mutoto mugongoni.
– Mutoto akipumua mbio, ao kifua kikibonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, umulete hopitali siku ile ile. Usingoje kesho.

Leo jioni, mama, angalia: moshi wa jiko lako unatokea wapi? Kama hauna njia, mutoto wako ndiye anayeupumua.