Kumbatia, Fumbata au Gubigubi?

Hapa kwetu Kitisuru wengi huanza sentensi kwa Kiingereza wakaimalizia kwa Kiswahili. Si neno. Shida huja insha ikiwa mezani na kitenzi 'enfold' kiko kichwani. Basi kila mahali ni "kumbatia" tu! Hebu tuchambue.

Kiingereza kilianzia kwenye nguo: 'fold' ni kunja. Kiswahili kilianzia kwenye mguso. Tazama kiishio -ata. Kufumba ni kufunga, kama macho au mdomo. Kufumbata ni kushika kitu ndani ya kiganja kilichofumbwa. Kukama ni kubinya, kama akamavyo mtu ng'ombe. Kukamata ni kushika imara. Kukumbata, na kukumbatia tulikokuzoea, ni kuzungushia mikono. Kiishio hicho hudokeza kuwa vitu viwili vimegusana na havijaachana. (Lakini kata na pata hazimo humu!)

Kwa hivyo jiulize: ni nani anayezungushia, na kwa kitu gani?

1. Mikono: Nyanya alimkumbatia mjukuu wake.
2. Kiganja: Mtoto amefumbata shilingi kumi.
3. Mapajani: Mama amempakata mwanawe.
4. Nguo: Baridi ya Julai ikizidi, mimi hujifunika blanketi gubigubi.
5. Karatasi: Mama mboga alifunga vitunguu kwa gazeti.
6. Ukungu: Ukungu ulitanda bondeni alfajiri. Ukisema ulilikumbatia bonde, hiyo ni tashihisi. Katika shairi ni tamu. Katika ripoti, la.

Je, "kukumbatia teknolojia" tunakosikia redioni? Maana hiyo imetoka kwa 'embrace' ya Kiingereza. Imeshaenea, siikatazi, ila kupokea na kukubali bado wapo na hawana kazi. Tuwape.

Mtauliza, yote haya ya nini? Wadogo zetu wengi mtaani wanalelewa kwa Kiingereza. Mtoto hupakatwa kabla hajajua kusema. Tukiliachia "kumbatia" kazi zote, atakua bila kulijua jina la jambo alilotendewa tangu siku ya kwanza. Hiyo ni hasara kubwa kuliko alama za insha.

ZOEZI: Tunga sentensi moja moja kwa fumbata, pakata na tanda. Kisha msomee mtu wa nyumbani, tena kwa sauti.

Wasalaam.